Aliyetunyang'anya Vifutio

Kitu cha kwanza alichotunyang'anya kilikuwa kifutio. Asubuhi ya kwanza ya mwaka wa kwanza chuoni, kabla hata hajatusalimia vizuri, alipita kati ya meza za studio na kopo tupu la maziwa ya unga, akasimama mbele ya kila mmoja wetu mpaka atumbukize chake. Wengine walikuwa wamenunuliwa vifutio vya bei na wazazi waliojikaza. Vyote viliingia koponi. "Mtarudishiwa Krismasi," alisema, akafunga kifuniko. Mstari ukikosea, uache hapo, chora mwingine kando yake, ili yeye aone ulikuwa unatafuta nini. Mimi nilimchukia tangu saa hiyo, na chuki hiyo nilikaa nayo karibu muhula mzima.

Nilikuwa nimetoka mtaa wa Githurai 45, ambako nilijiona mchoraji hodari kwa sababu nilichora sura za walimu kwa kalamu na darasa zima likazipitisha chini ya madawati. Baba yangu, aliyetoka Bungoma akiwa kijana kuja kufanya kazi kiwandani Thika, alikuwa ametangazia wapangaji wote wa ploti yetu kwamba binti yake anaenda kuwa msanifu wa majengo. Nikaja kukutana na mzee mrefu, mwembamba, koti la kahawia lililoisha viwiko, ananiambia mstari wangu unaogopa. Nilimwuliza mstari unaogopaje. Akaniambia niuchore tena, safari hii nijue unakokwenda kabla penseli haijagusa karatasi. Siku hiyo tulichora mistari tu, mpaka vidole vikauma.

Tulimwita Mwalimu, basi. Wahadhiri wengine walikuwa Daktari fulani na Profesa fulani, na walipenda kuitwa hivyo. Yeye alifundisha mwaka wa kwanza tu, miaka yote, na alipopewa nafasi ya kupanda kwenda madarasa ya juu alikataa. Alisema huko juu watu wameshajifunza kujieleza, na mtu akishajua kujieleza ni vigumu kumfundisha kuchora.

Kazi yetu ya kwanza ya maana ilikuwa kuchora chumba unacholala, kwa vipimo, na vitu vyote vilivyomo. Nyumbani kwetu kulikuwa chumba kimoja, sisi watoto upande mmoja wa pazia, wazazi upande wa pili. Nilichora chumba kizuri. Niliondoa pazia, nikaondoa magodoro ya kukunja, nikaweka kitanda kimoja na meza ya kusomea karibu na dirisha. Mwalimu aliinama juu ya karatasi yangu muda mrefu.

"Maji ya kunywa mnaweka wapi?"

"Kwa mtungi, Mwalimu."

"Siuoni."

Nikaitazama meza niliyojichorea.

"Hii nyumba ni ya nani, Nekesa?"

Hakusema kwa sauti ya kunidhalilisha, wala hakungoja jibu. Alinirudishia karatasi akaniambia nilete nyingine Jumatatu. Jumatatu nilileta chumba chetu chenyewe, pazia, magodoro, mtungi, jiko, sare zilizotundikwa msumarini, na nafasi ile finyu mama alipopita kila alfajiri bila kutukanyaga. Aliibandika ukutani katikati ya zote. Akawaambia wenzangu wahesabu ni watu wangapi wanalala pale, na wakahesabu sawasawa, na hakuna aliyecheka. Nimechora majengo mengi baada ya hapo. Sijui kama nimewahi kuchora kitu cha kweli kuliko hicho.

Alikuwa na maneno yake machache, na ukisoma kwake mwaka mmoja unatoka ukiyasema usingizini. Mwanafunzi akisimama kutetea mchoro, "Mwalimu, hapa nilikuwa namaanisha kwamba…", yeye humkata: "Sijakuuliza wewe. Nimeuliza karatasi." Na mwanafunzi akizidi kung'ang'ana, anaambiwa neno moja: "Hutakuwepo." Maana yake, siku fundi atakaposimama kwenye matope na mchoro wako mkononi, na upepo unaupeperusha, wewe hutakuwepo kumwambia ulimaanisha nini. Kila kitu unachotaka kusema kiwe kimeshasemwa.

Modeli tulijenga kwa makaratasi magumu tuliyookota nyuma ya maduka ya Thika mjini, maboksi ya sabuni na ya mafuta ya kupikia. Alikataza karatasi za kununua. Alisema nyumba ya boksi la sabuni haiwezi kumdanganya mtu kwa weupe wake. Na katika kila modeli aliweka mtu wake mdogo wa karatasi aliyemkata kwa wembe, wa kipimo kilekile cha nyumba, na mtu huyo daima alikuwa amebeba kitu: sufuria, mtoto, gunia, jeneza mara moja. Alimpitisha mlangoni. Akikwama, ulirudi kukata mlango upya. Kwa kompyuta hakuwa na ugomvi, ila alisema kompyuta inakuchorea mlango bila kukuuliza nani anapita, kwa hiyo tuiguse tukishazoea kuuliza wenyewe.

Lakini lililomtofautisha na walimu wote niliowahi kuwajua lilikuwa jambo tuliloliita kutembea kwa kidole. Kila mwisho wa muhula alimleta mke wake studioni. Mama Shiru alikuwa na saluni mtaani Kamenu, hakuwa na elimu ya ujenzi, na hakujifanya anayo. Alikuja amevaa vizuri kama anayekwenda kanisani, akaketi, akawekewa ramani ya nyumba mezani. Kisha aliweka kidole chake getini na kuanza kutembea nacho, akisema kwa sauti anachokiona. "Nimeingia. Hapa ni varanda, naacha viatu. Hii ni sebule, sawa. Sasa nataka chai, jikoni ni wapi?" Aliyechora alisimama kando yake mikono nyuma, mdomo umefungwa. Ukitamka hata neno, umeanguka. Kidole kikipotea, kosa ni la karatasi yako; kikifika, Mama Shiru aliandika jina lake pembeni, na umepita.

Darasa letu lilikuwa na kijana mmoja wa Ruiru, mcheshi, aliyechora nyumba ya ghorofa. Kidole cha Mama Shiru kikapanda ngazi vizuri, hatua kwa hatua, tukamfunulia karatasi ya ghorofa ya juu ili atokee. Pale ambapo ngazi ilipaswa kutokea, kijana alikuwa ameweka kitanda. Mama Shiru akatazama karatasi ya chini, akatazama ya juu.

"Sasa mimi nimetokea chini ya kitanda cha watu?"

Tulicheka mpaka machozi. Kijana alifungua mdomo, Mwalimu akamwonyesha kiganja, na maskini akaumeza utetezi wake. Kosa kama hilo hulifanyi mara mbili maishani.

Msifikiri Mama Shiru hakukosea. Alipenda miti iliyochorwa vizuri, na mara moja alisifu nyumba moja kwa dakika nyingi kwa sababu ya maua ya bougainvillea mbele yake. Nyumba hiyo haikuwa na choo. Mwalimu alipomwonyesha hilo, wakaanza kubishana mbele yetu kana kwamba hatupo.

"Lakini ni nzuri," alisema mama.

"Utajisaidia wapi?"

"Kwa jirani. Na si nyinyi mtajenga choo nyuma."

Walikuwa wakiitana Baba Shiru na Mama Shiru, kwa jina la binti yao wa kwanza, na mtu angeweza kujua wanavyopendana kwa jinsi walivyobishana bila haraka.

Sasa niseme na ubaya wake, kwa kuwa ulikuwepo. Siku ya kukabidhi kazi mlango wa studio ulifungwa saa kumi kamili, na ukifungwa umefungwa. Mwenzetu mmoja, kijana mpole aliyechora kutupita sote, alifika umeshafungwa, amelowa mvua, modeli imefunikwa kwa nailoni. Baba yake alikuwa amelazwa na yeye alikuwa ametoka hospitalini. Alibisha. Sisi tulikuwa ndani, tunamsikia. Mwalimu alikuwa ameketi karibu na mlango, anachonga penseli kwa kisu, na hakuinuka. Yule kijana hakurudi muhula uliofuata. Leo ana duka la vifaa vya ujenzi Ruiru na anaishi vizuri kuliko mimi, na hunikumbusha hilo kila nikienda kununua misumari. Lakini alipaswa kuwa msanifu. Nilikuja kumwuliza Mwalimu miaka baadaye kama alikumbuka. Alisema anakumbuka, basi. Hilo sijamsamehe, na nadhani yeye pia hakujisamehe, maana tangu siku ile ya mlango aliuacha wazi na kukaa kwenye ngazi za nje akiwasubiri waliochelewa.

Halafu kuna hili: mtu aliyetusimamisha na kazi zetu mbele ya darasa zima, mwenyewe aliogopa kusimama mbele ya watu. Kanisani kwao Kamenu alikuwa mzee wa kanisa, na ilipofika zamu yake ya kusoma matangazo alimsogezea mke wake karatasi. Mama Shiru alisoma huku akitazama waumini kama wateja wa saluni. Mwalimu alikaa akitazama sakafu. Nilipomwona hivyo kwa mara ya kwanza nilishangaa, kisha nikaelewa kwa nini alitaka karatasi izungumze yenyewe.

Na kuna nyumba. Nafikiri hii ndiyo sababu naandika.

Mwalimu alikuwa na kipande cha ardhi upande wa Ruiru, pale ambapo kahawa iling'olewa na mashamba yakagawanywa. Alikinunua wakati Shiru alikuwa mtoto. Waliishi Kamenu kwenye nyumba ya kukodi, na mpango ulikuwa wajenge mara tu akimaliza mchoro. Shiru alikua, wadogo zake wawili wakazaliwa na kukua, wakamaliza shule, wakaondoka mmoja mmoja, na mchoro haukwisha. Nyumba za kupangisha za watu wengine zilipanda pande zote za ploti ile. Yake ilibaki majani na ua wa michongoma.

Mama Shiru alimtania waziwazi. "Huyu anawafundisha kumaliza," alituambia siku moja, kidole chake kikiwa katikati ya korido ya mtu. Tukacheka, na Mwalimu akageuka kufuta ubao uliokuwa safi.

Nilikuja kuelewa nilipokuwa nimeshahitimu, nimefungua ofisi ndogo Ruiru, na nikawa narudi kumsaidia studioni siku mojamoja. Alinionyesha ramani zile. Zilijaa mkebe mzima, karatasi zimekunjwa ndani ya karatasi. Zilikuwa nzuri kupita zote nilizowahi kuziona, kila jiwe la ukuta, la machimbo ya Ndarugo, limechorwa, kila maji ya mvua yanajua yanakoteremkia. Nilimwuliza, "Mama ameshazitembea kwa kidole?"

"Bado."

"Hata moja?"

"Bado sijamaliza."

Huyu ndiye aliyeweka kazi za vijana wa miaka kumi na tisa chini ya kidole cha yule mama bila huruma. Yake hakuthubutu. Aliogopa kidole hicho kikwame, kwa sababu nyumba hii ndiyo pekee ambayo kukwama kwake kungemuuma. Kwa hiyo aliendelea kuiboresha, na miaka ikaenda.

Kisha Mama Shiru akaugua figo. Alianza kwenda hospitali kusafishwa damu, akafunga saluni, akapungua mwili. Nilikwenda kuwaona Kamenu nikiwa nimebeba matunda, nikamkuta amelala kwenye kochi, Mwalimu ameketi kwenye stuli miguuni pake. Ghorofani kwa mwenye nyumba walikuwa wanaburuta viti. Tulizungumza habari za kawaida. Katikati ya mazungumzo, bila kubadilisha sauti, mama akasema:

"Baba Shiru, mimi sitaki kufia kwa nyumba ya mtu. Nataka kulala kwangu."

Mwalimu aliinuka. Nilidhani anatoka nje kulia. Alikwenda chumbani, akarudi na mkebe, akakunjua karatasi ya juu kabisa kwenye meza ya kahawa, akaishikilia pembe kwa vikombe. Tulimsaidia mama kuketi. Aliweka kidole getini.

"Nimeingia," alisema. "Hii ni varanda. Ni kubwa."

"Hapo nilifikiri jua la jioni…"

"Sijakuuliza wewe."

Mwalimu akaweka mikono nyuma. Kidole kilipita sebuleni, kikaingia kwenye korido, kikakuta chumba, kikakuta kingine, kikakuta kingine. Kikasimama.

"Hawa wanaolala hapa ni kina nani?"

Shiru, binti wa kwanza, ameolewa Eldoret, wa pili yuko Qatar kikazi, na kitindamimba ana familia yake Nakuru. Vyumba vyao vilikuwa pale, kila kimoja na dirisha lake na meza ya kufanyia kazi za shule. Mwalimu alikuwa amemaliza kuichora nyumba zamani. Alikuwa ameimaliza kwa ajili ya watu ambao hawangeihamia tena, na kila alipotaka kuianza upya ilimlazimu akubali kwamba wameenda.

Mama Shiru aliomba penseli. Alipiga mstari juu ya chumba cha kwanza, juu ya cha pili, juu ya cha tatu. Mistari ya mtu asiyejua kuchora, na haikutetemeka. "Nipe chumba kimoja karibu na choo," alisema, "na jikoni ambayo ninaweza kukaa nikaona nani anaingia geti. Zingine sitaki. Na ufanye haraka."

Kesho yake jioni ramani mpya ilikuwa tayari. Ilikuwa karatasi moja. Kidole kilitembea kutoka getini hadi kitandani bila kuuliza neno, na mama akaandika jina lake pembeni kwa herufi kubwa, kama alivyowaandikia wanafunzi aliowapitisha. Mimi nilishughulikia vibali. Yule mwenzetu wa duka la vifaa, aliyefungiwa mlango, alileta saruji na mabati mwenyewe na gari lake, akasalimiana na Mwalimu, wakasimama wote wawili wakitazama msingi. Mafundi waliambiwa wasipumzike Jumamosi.

Mama alifika pale mara moja. Kuta zilikuwa zimefika linta, usawa wa juu ya milango. Jirani alimleta na gari, tukamwekea kiti cha plastiki mahali pa jikoni, na akakaa pale akitazama geti ambalo bado lilikuwa miti miwili na waya. Alisema ni nzuri. Alisema jua linaingia vizuri. Akala hindi choma nusu, ambalo daktari alikuwa amemkataza, na tukamwacha ale.

Alifariki kabla ya mabati kupigwa. Alifia Kamenu, kwa nyumba ya mtu. Nimejaribu kulisema hilo kwa namna nyingine na sioni namna. Mchoro mmoja uliochukua siku moja ungeweza kuchorwa miaka kumi nyuma, na Mwalimu alilijua hilo kuliko yeyote kati yetu tuliokuja kumpa pole. Kwenye mazishi aliombwa azungumze. Alisimama, akashika kipaza sauti, akamrudishia mchungaji.

Watu wa kanisa walidhani ataiuza ile ploti au ataipangisha. Shiru alitaka ahamie kwake Eldoret. Mwalimu aliendelea kujenga, akastaafu, akahamia humo.

Nilikwenda kumtembelea mwezi uliopita, Jumapili mchana. Ruiru imemzunguka pande zote, majengo ya vyumba yanamchungulia uani, na nyumba yake ni ndogo katikati yao, ya mawe, na varanda yenye kiti kimoja. Amezeeka. Amekonda zaidi, na mrefu bado. Alinikaribisha jikoni, akaniwekea chai, akaniuliza habari za ofisi, nikamlalamikia wateja wanaotaka vyumba vinane pasipotosha vinne. Alisikiliza. Dirishani niliona geti, la chuma sasa, na mtu yeyote anayeingia.

Tulipomaliza aliinuka kuosha vikombe. Ndipo nilipoona. Sinki lilikuwa chini mno. Mwalimu aliinama karibu nusu yake kulifikia, mkono mmoja umeshika ukingo, akaosha kikombe polepole, akanyooka kupumzisha mgongo, akainama tena. Mama Shiru alikuwa mfupi. Kule Kamenu aliosha vyombo amesimama juu ya kreti ya soda iliyopinduliwa, kila siku ya ndoa yao.

"Mwalimu," nikasema, "hii itakumaliza mgongo. Niachie nilete fundi Jumanne. Tunainua kozi moja tu ya mawe, ni kazi ya asubuhi."

Alisuuza kikombe cha pili, akakitazama ndani kama kimetakata.

"Mwenye nyumba alishapitisha," akasema.

Nilichukua kitambaa, nikasimama kando yake, nikakausha vikombe.